Kabla hujamwita mtoto 'kilaza', kuna watu wanasomea hilo miaka mitatu!

TAJA neno 'saikolojia' kijiweni uone. Mmoja atakuuliza kama unaweza kumwambia anawaza nini sasa hivi, mwingine atataka umpe mbinu za kumlainisha binti wa mtaa wa pili, na wa tatu atasema hiyo si kazi, ni kukaa na vichaa tu. Wote wanacheka, kahawa inaendelea. Lakini mpenzi msomaji, wiki hii nataka nikupeleke kwenye tawi moja la saikolojia ambalo huku kwetu wengi hatujalisikia, nalo linahusu watu wawili unaowajua vizuri sana: mwanafunzi anayeshika mkia darasani, na mwalimu aliyechoka naye.

Mtaalamu wa tawi hilo anaitwa mwanasaikolojia wa shule. Nchi iliyoijenga kazi hiyo na kuiwekea masomo rasmi ya baada ya digrii kuliko nyingi ni Marekani, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari yetu ya leo ni huko. Mimi elimu yangu iliishia kidato cha sita, sikudanganyi, ila taratibu za kuisomea kazi hii nimezipekua mpaka usiku wa manane, maana kila nilipofika nilikuwa namwona mtoto ninayemfahamu.

Si mwalimu wa malezi, si daktari

Tuelewane kwanza. Huyu si yule mwalimu wa malezi anayeita wanafunzi ofisini na kuwaonya kuhusu mimba na bangi. Wala si daktari wa magonjwa ya akili, kwa sababu haandiki dawa. Kazi yake inaanza pale mwalimu anaposema, "Huyu mtoto mimi nimeshindwa." Hapo ndipo anapoitwa, na swali analotakiwa kujibu ni moja tu: kwa nini?

Usilidharau swali hilo. Mtoto wa darasa la tatu hajui kusoma. Je, haoni ubao? Hasikii? Anakuja na njaa? Baba na mama wanapigana kila usiku? Ana tatizo la kutenganisha herufi, ambalo halina uhusiano wowote na akili? Au lugha ya darasani siyo yake? Ukitazama kwa nje, watoto wote hao wanafanana. Wote wamekaa kimya, daftari jeupe, wanaangalia dirishani. Na huku kwetu wote wana jina moja: kilaza.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, alibebeshwa jina hilo tangu darasa la pili. Shule sitaitaja. Alikalishwa nyuma kabisa, na kila akiulizwa swali alijibu vitu vingine kabisa, darasa zima likaangua kicheko. Viboko alikula mpaka akavizoea. Alipofika darasa la tano alipelekwa zahanati kwa ajili ya homa, na muuguzi akamuuliza mama mkubwa, "Mama, huyu mtoto anasikia kweli?" Kumbe masikio yote mawili yalikuwa yametoka usaha kwa miaka, na sikio moja lilikuwa karibu limekufa. Miaka mitatu mtoto anachapwa kwa sababu ya masikio! Waliomchapa hawakuwa watu wabaya. Ni kwamba pale shuleni hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza kwa nini.

Ilianza na mvulana asiyejua tahajia

Sasa usishangae nikikwambia kwamba fani nzima ilianzia kwenye kisa kinachofanana na hicho. Mwaka 1896, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, msomi mmoja aitwaye Lightner Witmer aliletewa mvulana wa miaka 14 ambaye tahajia ilikuwa imemshinda kabisa. Aliyemleta alikuwa mwalimu wake. Wasomi wa saikolojia wa zama zile walizoea kukaa maabara na kupima mambo ya watu wazima, siyo kuhangaika na watoto wa shule. Witmer akamchunguza kijana, akakuta macho yake yana kasoro. Akavalishwa miwani, akafundishwa kwa utaratibu wake maalumu, na hali yake ikapata nafuu. Mwaka huo huo Witmer akafungua kliniki inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya saikolojia duniani.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1905, kule Paris, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitoa kipimo cha akili ambacho ndicho babu wa vipimo vyote vya leo. Serikali ya Ufaransa ilitaka njia ya kuwatambua watoto wanaohitaji msaada darasani. Sikiliza hapo vizuri: msaada. Binet hakuwa na nia ya kuwapiga watoto mhuri wa kudumu, na yeye mwenyewe alipinga wazo kwamba akili ya mtu ni kitu kisichobadilika.

Mwaka 1915 jimbo la Connecticut likamwajiri Arnold Gesell, ambaye ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kuitwa rasmi 'mwanasaikolojia wa shule'. Halafu mwaka 1975 Rais Gerald Ford akatia saini sheria iliyolazimisha shule za umma kumpokea na kumfundisha kila mtoto mwenye ulemavu. Ghafla kila wilaya ikahitaji watu wa kuchunguza nani anahitaji nini. Ajira zikafumuka, na masomo nayo yakakazwa.

Safari yenyewe, si mchezo

Haya, tuseme wewe msomaji unataka kuwa mmoja wao. Kwanza uwe na digrii ya kwanza. Si lazima iwe ya saikolojia, hata ualimu unafaa, ila kama hukusoma takwimu na ukuaji wa mtoto, vyuo vingi vitakurudisha ukazisome kwanza. Hapo unaingia kwenye shahada ya ubingwa, ambayo iko juu ya uzamili wa kawaida lakini chini ya udaktari wa falsafa. Kiwango cha chini ni yuniti 60, na anayesoma muda wote kwa kawaida hutumia miaka mitatu. Wanaotaka kufundisha chuo au kufanya utafiti huendelea mpaka uzamivu, ambao ni yuniti 90 na zaidi.

Mwaka wa kwanza ni wa kupiga msuli. Takwimu zipo, sheria za elimu maalumu zipo, maadili ya kazi, ukuaji wa ubongo, matatizo ya kusoma na kuhesabu, yote yanakusubiri. Na kuna somo ambalo wanafunzi wengi hulikumbuka kuliko mengine, nalo ni la vipimo. Unakabidhiwa sanduku lenye vitabu vya picha, vipande vyenye rangi nyekundu na nyeupe, karatasi za kujaza na saa ya kuhesabia sekunde. Maelekezo unayasoma neno kwa neno kama yalivyoandikwa. Mtoto akikutazama kwa macho ya kuomba huruma, huruhusiwi hata kumwambia, "Hapo umepata." Ukisema hivyo umemsaidia yeye na hukuwasaidia wenzake, na kipimo kimeharibika.

Halafu kuna hesabu. Alama za mtoto hulinganishwa na za wenzake wa umri wake, kwa miaka na miezi. Ukikosea kuhesabu umri wake unaangalia jedwali la watoto wengine, na namba inayotoka si yake. Ndiyo maana mwanafunzi anarudia kupima watu wa kujitolea tena na tena, mkufunzi anatazama na kukagua kila karatasi, na kalamu nyekundu haina undugu.

Lakini wanaodhani kazi nzima ni sanduku hilo wamepotea njia. Mwanafunzi anafundishwa pia kukaa nyuma ya darasa akiwa kimya na kuandika anachokiona, siyo anachokidhani. Chukua mfano wa mtoto anayerusha vitabu. Mwalimu anasema ni mkorofi, anamtoa nje. Mtaalamu anaandika: ni saa ngapi karusha? Kabla ya hapo kulitokea nini? Baada ya hapo? Akishakaa siku kadhaa anagundua kwamba mtoto anarusha vitabu pale tu zamu yake ya kusoma kwa sauti inapokaribia. Akitolewa nje, amekwepa kusoma. Kumbe adhabu imekuwa zawadi! Hapo huendi kumtafutia mtoto fimbo nyingine, unakwenda kumtafutia mtu wa kumfundisha kusoma.

Mwaka wa pili unaanza kwenda shule zenyewe, chini ya mtu aliyekwisha kubobea. Unajifunza kukaa na mwalimu bila kumwonyesha kwamba wewe ndiye mjuaji. Unajifunza kuandika ripoti ambayo mama asiyesoma chuo ataielewa. Na unajifunza kumwambia mzazi habari nzito huku ukimwangalia usoni, jambo ambalo halina jedwali.

Mwaka wa tatu ni wa mafunzo kazini, saa 1,200, na zisizopungua 600 kati ya hizo ziwe shuleni. Gawanya mwenyewe, ni kama mwaka mzima wa shule wa kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Kwa wastani wa saa mbili kila wiki unakaa na msimamizi wako, anakuuliza kesi moja moja: umejuaje? Una ushahidi gani mwingine? Wa ngazi ya uzamivu saa zao ni 1,500. Ukimaliza kuna mtihani wa kitaifa wa Praxis, na baada ya hapo leseni, ambayo inatolewa na jimbo moja moja. Anayepasisha ubora wa vyuo ni chama chao, NASP, kilichoanzishwa mwaka 1969.

Namba ilivyoumiza watoto

Sasa utauliza, yote haya ya nini? Miaka mitatu ya nini kama sanduku lipo na majibu yapo nyuma ya kitabu? Jibu linapatikana mahakamani.

California, mwaka 1970. Familia za watoto tisa wenye asili ya Mexico zilipeleka malalamiko katika kesi iliyojulikana kwa jina la Diana, mmoja wa watoto hao. Watoto walikuwa wamewekwa kwenye madarasa ya wenye akili pungufu. Nyumbani walizungumza Kihispania, lakini walikuwa wamepimwa kwa Kiingereza. Walipopimwa tena kwa lugha yao, alama zilipanda kwa wastani wa pointi 15, na wengi wao wakavuka mstari uliowapeleka kule. Ubongo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni swali.

Kesi nyingine, ya Larry P., ilifunguliwa mwaka 1971, nayo ilihusu watoto weusi wa California waliokuwa wamejazwa kwenye madarasa hayo hayo kupita kiasi ukilinganisha na idadi yao shuleni. Mwaka 1979 Jaji Robert Peckham akapiga marufuku kutumia vipimo vya akili kuwapeleka watoto weusi kwenye madarasa hayo. Hebu fikiria, unamaliza miaka yako minane ya shule ukifundishwa kuhesabu sarafu na kufunga vifungo, kwa sababu mtu mmoja alikuuliza vibaya kwa muda wa saa moja.

Ndiyo maana leo sheria ya Marekani imeweka masharti ambayo kila mwanafunzi wa fani hii anatakiwa kuyajua kama jina lake. Mtoto hachunguzwi kwa mara ya kwanza bila mzazi kukubali. Hakuna kipimo kimoja kinachoweza kuamua peke yake. Mtoto apimwe kwa lugha yake ya nyumbani kadiri inavyowezekana. Na uamuzi hautolewi na mtu mmoja, bali na jopo ambalo mzazi naye ni mjumbe.

Na Kiswahili je?

Hapa ndipo habari inapogeuka kuwa yetu. Wakimbizi wengi kutoka Kongo waliohamishiwa Marekani, baadhi yao baada ya kukaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, wanazungumza Kiswahili. Watoto wao sasa wako kwenye shule za huko. Mmoja wao akichelewa kusoma, ataletewa sanduku lile lile. Nani anamuuliza?

Utasema wampe mkalimani, yaishe. Haiishi, mshikaji. Muulize mtoto aliyekulia Kigoma shule inaanza saa ngapi, atakujibu, "Saa mbili asubuhi." Mkalimani mwenye haraka anageuza neno kwa neno, na karatasini inaandikwa kwamba mtoto anadhani shule inaanza usiku wa manane umepita! Au mtoto anaongea na mtu mzima asiyemjua, ameinamisha macho na kujibu kwa neno moja moja. Kwetu huyo amelelewa vizuri. Kwa asiyejua, ni mtoto mwenye matatizo ya mawasiliano. Na hata ukitafsiri swali vizuri, jedwali lenyewe limetengenezwa kutokana na watoto wengine. Kipimo kinachotumika sana, WISC ya toleo la 5 lililotoka mwaka 2014, kilisanifiwa kwa watoto 2,200 wa Marekani. Mtoto wa kambini hamo.

Kwa hiyo mwanasaikolojia wa shule anayejua Kiswahili cha kuzaliwa nacho si pambo huko. Na soko lenyewe halijajaa. NASP inapendekeza mtaalamu mmoja kwa wanafunzi 500, lakini wastani wa nchi nzima kwa miaka ya karibuni umekuwa zaidi ya wanafunzi 1,000 kwa mtaalamu mmoja. Wewe uliyezoea kuona Kiswahili kama lugha ya kuombea nauli kwenye daladala, hapo kina thamani.

Ila tusidanganyane kuhusu mshiko. Ada za vyuo vya Marekani ni nzito, viza ni mlima mwingine, na mwaka wa mafunzo kazini wengine wanalipwa na wengine hawalipwi. Kabla hujatuma hata senti moja, uliza kama chuo kimepasishwa na NASP na kama jimbo unalotaka kufanyia kazi linatambua shahada yake. Na ukikutana na mtu anayekuuzia cheti cha 'saikolojia ya watoto' cha wiki mbili, kula kona. Wiki mbili hazitoshi hata kulizoea sanduku.

Na huku nyumbani?

Huku jirani milango ipo, ingawa siyo mlango ule ule. Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, kina idara ya saikolojia ya elimu, na Kenya ilipitisha sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Hapa kwetu, chuo kikuu cha Muhimbili kinatoa uzamili wa saikolojia tiba, ambao unaelekea zaidi hospitali kuliko darasani. Anayeanzia kwenye ualimu au digrii ya saikolojia anakuwa amejenga msingi.

Lakini nataka uone kwamba kesi ya Diana haiko mbali na sisi. Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, halafu mtoto anaingia kidato cha kwanza na kila kitu kinageuka Kiingereza. Aliyekuwa anajibu swali la mmea unavyotengeneza chakula kwa ufasaha darasa la saba, miezi miwili baadaye amekaa kimya. Anaulizwa jambo lile lile kwa maneno asiyoyajua, na akinyamaza tunaandika 'mzito'. Wapo wanaoamini, na wanabaki nalo jina hilo mpaka mtaani, mpaka kwenye ndoa.

Hatuwezi kusubiri mpaka kila shule ipate mtu mwenye yuniti 60. Ila swali lake tunaweza kuliazima leo, bila ada. Wewe kaka, wewe dada, una mdogo wako nyumbani anayerudi na alama nyekundu. Kabla ya kushika mkanda, mwangalie kama anasogeza daftari puani. Mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo, uone kama atageuka. Muulize ile hesabu kwa Kiswahili. Muulize kama amekula. Ukiona mojawapo ina kasoro, mpeleke zahanati au nenda ukaongee na mwalimu wake kwa adabu, umweleze ulichokiona, siyo unachokidhani.

Kazi hiyo ni ya nusu saa tu. Wenzetu wanaisomea miaka mitatu kwa sababu wamejifunza, tena mbele ya majaji, kwamba jina analopewa mtoto kwa dakika moja linaweza kuchukua maisha yake yote kulifuta.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.